Nani Asemaye Maji Hupotea Baharini?

Kila panapojadiliwa habari za bwawa, skimu ya umwagiliaji au mtambo wa umeme, husikika sentensi moja inayotamkwa kwa utulivu wa jambo lililokwisha kuthibitika: kwamba maji ya mto fulani "yanapotea bure baharini". Imesemwa juu ya Tana, imesemwa juu ya Pangani na Ruvu, na imesemwa sana juu ya Rufiji. Anayeisema huwa mhandisi, mwanasiasa au mwandishi wa gazeti, na mara nyingi ni mtu mwema anayetamani kuona taa zikiwaka katika vijiji vilivyokaa gizani miaka mingi. Ubaya wa sentensi hiyo haumo katika nia. Umo katika kitenzi. Kupotea ni kwenda kusikojulikana. Ilhali maji ya mto yafikapo baharini huenda mahali panapojulikana barabara, na mvuvi wa kamba wa Nyamisati anaweza kupaonyesha kwa kidole bila kuinuka alipokaa.

Lawama hii, hata hivyo, haiwezi kuishia mlangoni kwa wahandisi. Washairi wa mwambao nao wana fungu lao. Bahari ya tungo za Kiswahili ina mawimbi, ina kusi na kaskazi, ina tanga, nanga, lulu na papa; mto humo ni mgeni wa nadra. Tope limeachiwa kazi ya matusi: mtu hupakwa matope, ukoo hutiwa matope, aliyeshindwa hugaragazwa matopeni. Mkoko nao umepata nafasi moja ya kudumu, katika ule usemi wa kwamba ndiyo kwanza mkoko unaalika maua, ambao watu husema bila kujiuliza mti huo unapoalika maua huwa umesimama juu ya nini.

Kisha iko methali iliyo kubwa kuliko yote hayo: maji yakijaa hupwa. Ni faraja na onyo kwa pamoja, wala hakuna wa kuibeza. Lakini imemzoesha msikilizaji kudhani kwamba kujaa na kupwa ni sahani mbili za mizani moja, kwamba kilicholetwa ndicho kinachorudishwa, na kwamba baada ya saa kumi na mbili na dakika kadhaa pwani hubaki kama ilivyokuwa. Pwani yenye mikoko haifanyi hesabu hiyo hata siku moja.

Yatazamwe maji ya bamvua yanavyoingia katika hori lenye mikoko pande zote mbili. Mwanzoni hupita ndani ya mkondo peke yake. Yakishapanda kingo hutawanyika mitini, na hapo mwendo wake huvunjika: mizizi ya mkoko iliyopinda kama miguu ya kaa, na vijiti vya kupumulia vya mchu vilivyochomoza topeni kwa maelfu, huyapunguza kasi hata yakawa yanatambaa. Yamebeba chembe za udongo mwembamba ambazo zilipokuwa mtoni zilielea moja moja, nyepesi mno kuzama. Zilipokutana na chumvi zilishikana, zikawa vibonge. Maji yanapofika kikomo cha kujaa na kusimama kwa kitambo kidogo, vibonge hushuka chini. Halafu maji huanza kupwa. Lakini mle ndani ya miti hupwa taratibu kiasi cha kutokuwa na nguvu ya kuliamsha tope lililokwisha kulala. Yaliingia na mzigo, hutoka mepesi. Utafiti uliofanywa katika hori moja karibu na Cairns, Australia, na kuchapishwa mwaka 1997, ulikuta kwamba wakati wa bamvua hadi asilimia 80 ya mashapo yaliyoletwa na maji kutoka nje yalinaswa mikokoni. Huko ndiko kupotea kunakosemwa.

Katika mkondo wenyewe mambo huwa kinyume. Kwa kuwa miti imeyachelewesha maji ndani, bahari ya nje hutangulia kushuka. Tofauti ya kimo kati ya huku na kule hukua, na mwisho maji hutoka kwa kishindo. Katika mahori mengi ya namna hii kasi ya kutoka huizidi ile ya kuingia, na kasi hiyo huufagia mchanga uliotaka kuujaza mkondo. Ndiyo sababu hori lenye mikoko mipana nyuma yake huweza kubaki na kina cha kupitisha chombo miaka nenda miaka rudi bila mashine yoyote ya kuchimba. Mtu anapopiga tuta ili apate jaruba la mpunga au la chumvi, hakati miti tu. Anapunguza wingi wa maji yanayoingia na kutoka, na kwa hiyo anaidhoofisha nguvu ya kufagia. Baada ya miaka nahodha hukwama kwenye fungu pale alipopita baba yake akiwa amelala, na mjini husemwa kwamba bahari imebadilika.

Mlangoni mwa mto kuna jambo jingine, nalo ndilo linalowagusa wakulima. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Hivyo hutambaa juu kuelekea baharini, na ya chumvi hupenya chini yake kuelekea bara. Yanapokutana hayo mawili ndipo tope hukusanyika kwa wingi. Mpaka huo hausimami mahali pamoja. Masika, mto huusukuma nje. Kiangazi, bahari huusukuma ndani. Kusogea huko kwa majira ndiko kunakoamua shamba lipi litaota mpunga na lipi litaungua kwa chumvi, na kamba wadogo watakulia katika mahori yapi kabla ya kutoka kwenda maji makuu. Mto ukifungwa ukatiririka kwa kipimo kimoja mwaka mzima, mpaka huo nao huganda, na wote walioishi kwa kusogea kwake hupoteza kalenda yao.

Sasa Rufiji. Bonde lake lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani kama sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu humwaga humo, na makadirio yanayonukuliwa mara nyingi husema kwamba mto huo ulikuwa ukibeba tani milioni 15 au zaidi za mashapo kwa mwaka. Udongo wa Usangu, wa Uhehe na wa miteremko ya Udzungwa ndio uliojenga delta. Na juu ya delta imeota misitu ya mikoko ya hekta zipatazo 50,000, ambayo ni karibu nusu ya mikoko yote ya Bara. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wasomaji wa visiwani wasidhani kwamba hayo ni mambo ya wenyewe huko. Boriti zinazobeba dari za majumba ya kale ya Mji Mkongwe, na zile zilizosafirishwa kwa majahazi hadi bandari za Arabuni, nyingi zilikatwa Rufiji. Upana wa chumba cha Kiswahili ulipimwa kwa urefu wa boriti. Mtu aliyezaliwa Malindi ya Unguja au Shangani, aliyelala chali akihesabu boriti usiku wa joto, alikuwa akihesabu miti iliyosimama juu ya tope la Iringa.

Tarehe 22 Desemba 2022 ulianza kujazwa maji ule mlango wa bonde ulioitwa Stiegler's Gorge, ambao sasa una Bwawa la Julius Nyerere. Mtambo wa kwanza kati ya tisa ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, na uwezo wa yote kwa pamoja ni megawati 2,115. Ziwa lililoko nyuma ya ukuta huo linaweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Hoja za walioujenga ni nzito na zinastahili kuelezwa kwa uzito wake. Nchi ilihitaji umeme. Mto wenye kufurika umeua watu na kuharibu mazao mara nyingi. Aprili 2024 mafuriko yaliharibu nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na picha zake zilionekana nchi nzima. Na kwa visiwani pana hoja moja zaidi ambayo watu hawapendi kuitaja: umeme wa Unguja hupita katika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Anayesoma mashairi usiku mjini Zanzibar ni mshirika wa bwawa, apende asipende.

Kwa hiyo hapa hadaiwi mtu abomoe ukuta. Kinachodaiwa ni ukweli juu ya kile ambacho ukuta unakizuia, maana mjadala ulipokuwa mkali ulihusu zaidi fedha, wanyama wa Selous na fahari ya taifa. Habari ya tope ilisikika kwa mbali. Maji yakiingia ziwani husimama, na yakisimama huangusha mzigo wake, kama yanavyofanya mikokoni, isipokuwa kwamba huuangusha mahali ambapo hakuna mti wa kuupokea. Yanayotoka upande wa pili ni maji safi. Maji safi yana njaa: hula kingo na kitanda cha mto chini ya bwawa, na udongo wanaoula huko huenda ukaifikia delta kwa miaka kadhaa, kiasi cha kumfanya asiyejua aseme kwamba hakuna kilichopungua. Hiyo ni akiba inayoliwa. Wakati huohuo tope la delta, kama tope lolote changa, hujishindilia na kushuka kwa uzito wake lenyewe, na usawa wa bahari duniani unapanda. Mikoko huishi baina ya hali hizo mbili kwa kuinua sakafu yake kidogo kidogo kila mwaka. Isipoletewa udongo wa kutosha itajiinua kwa mizizi na majani yake yanayooza peke yake, na haijulikani popote duniani delta kubwa iliyojengwa kwa tope ikatunzwa kwa majani.

Walio juu zaidi ya mto kuliko wavuvi wana kilio chao pia. Warufiji wana neno mlau, yaani kilimo kinachoyafuata maji yanaporudi nyuma baada ya kufurika, pale ardhi ilipoachiwa unyevu na tope jipya. Neno hilo linatosha kuonyesha kwamba watu wa bonde hawakuyaona mafuriko kuwa msiba mtupu. Waliyaogopa na kuyangoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali iliwahamishia wengi wao kwenye ardhi ya juu ili waepukane na maji; baadhi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu rutuba haikuhama pamoja nao. Mhandisi aonaye mafuriko kuwa adui tu, na mvuvi anayengoja maji mekundu ya masika yaje kuwatoa kamba mahorini, wanatazama maji yale yale, na Kiswahili kimewapa wote wawili neno mafuriko, bila kumpa yeyote kati yao njia ya kulitenga la heri na la shari. Hapo ndipo palipokuwa na kazi ya washairi.

Mifano ya kujifunzia haikosekani, wala haiko mbali. Cahora Bassa, juu ya Zambezi, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1974. Mafuriko ya kila mwaka yalipungua, delta ikaanza kukauka sehemu zake, na watafiti walipokuja kulinganisha maji ya mto na mavuno ya kamba katika Benki ya Sofala, pwani ya Msumbiji, waliona kwamba wingi wa kamba ulifuatana na wingi wa maji ya mto. Misri nayo ilikuwa ikivua dagaa wapatao tani 18,000 mwaka 1962 mbele ya milango ya Nile. Mafuriko yalipozuiliwa na Bwawa Kuu la Aswan, mavuno yalishuka chini ya tani 1,000 kabla muongo haujaisha, na ufuo wa Rosetta ukaliwa na bahari. Hao walikuwa dagaa waliotajwa katika hesabu za serikali kuwa maji yanayopotea.

Atatokea wa kusema kwamba tope kumbe ni neema, basi na lije lote. La hasha. Anayetaka kuona ziada yake aende Malindi ya Kenya, ambako Sabaki huigeuza bahari kuwa nyekundu kila mvua zinyeshapo bara, na mchanga umeusogeza ufuo mbele. Tumbawe moja la huko lilisomwa na wanasayansi tabaka kwa tabaka, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007: kwa miaka mia mbili, tangu 1700 hadi 1900, udongo ulioshuka na mto ulikuwa karibu wa kiwango kimoja, baada ya 1900 ulianza kupanda na haukurudi tena. Tumbawe halina chama wala kabila. Limeandika tu jinsi ardhi ya bara ilivyolimwa na kuvuliwa nguo katika karne ya wakoloni na waliowafuata. Na katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi mno kwa mara moja, ukafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa imesimama. Mti huo huo unaokufa kwa kukosa tope hufa pia kwa kuzikwa nalo. Anayeusimamia mto hana budi kujua kipimo, na kipimo hakijulikani kwa kulitazama jambo kutoka ofisini.

Hapa ndipo sherehe za kupanda mikoko zinapostahili kutazamwa bila haya. Mgeni rasmi huja, fulana hugawiwa, mamia ya watu huingia topeni wakati wa maji kupwa na kuchomeka miche kwa safu zilizonyooka kama za mihogo. Picha hupigwa. Mara nyingi miche hiyo ni ya mkoko wenyewe, kwa kuwa ndiyo rahisi kuokota na kuchomeka, nayo huchomekwa katika uwanda ulio wazi ambako mkoko haukuota tangu enzi, kwa sababu maji hukaa pale muda mrefu kuliko mche unavyoweza kustahimili. Ufilipino imefanya hivyo kwa miongo mingi na kwa fedha nyingi; uchunguzi wa mwaka 2008 ulikuta kwamba katika miradi yake iliyopona ni kiasi cha asilimia 10 hadi 20 ya miche. Mlilana na mchu, ambayo ndiyo hutangulia mbele kukabili bahari, hudharauliwa. Na mahali ambapo tuta la zamani lilikata njia ya maji, ambapo ingetosha kulibomoa tuta ili mbegu zije zenyewe na bamvua, hapaendwi, maana huko hakuna uwanda mzuri wa picha na mwenye tuta ni mtu mkubwa.

Mikoko imegeuzwa ukuta katika hotuba: "ukuta wa kijani", husemwa, unaoilinda pwani. Ukuta hujengwa mara moja ukaachwa. Msitu wa mikoko ni kazi inayofanywa mara mbili kila siku na maji yanayoleta na maji yanayofagia, na ukiwekewa miche milioni moja mahali ambapo kazi hiyo imekatishwa, ni kuni za baadaye.

Unguja yenyewe ina ushahidi wake, na uko katikati ya mji. Palikuwa na hori lililotoka Funguni likaizunguka nyuma ya Mji Mkongwe hata karibu kuufanya kisiwa ndani ya kisiwa. Bahari iliingia na kutoka humo. Lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Leo magari yanapita, lakini majina hayakufukiwa: Darajani, pasipo daraja, Ng'ambo, pasipo maji ya kuvuka, Funguni, pasipo fungu. Hakuna aliyeuliza, wakati vifusi vinamwagwa, maji yale ya bamvua yaliyokuwa na haki yake humo yangekwenda wapi, wala maji ya mvua ya Ng'ambo yangetokea wapi. Na Chwaka, ambako hakuna mto wa kulaumiwa, mikoko inaishi kwa maji ya bahari yanayopita katika hori la Mapopwe na kwa maji matamu yanayochuruzika kutoka chini ya mawe ya kisiwa. Huko visima na makaro ndivyo vinavyochukua nafasi ya bwawa. Mji unaochota sana au kuchafua sana chini ya ardhi unaigusa mikoko bila kuikata hata tawi.

Madai basi ni machache, na mengi yake hayana gharama ya kutisha. Wenye funguo za bwawa waitangaze ratiba ya kuachia maji, na ndani yake kiwemo kipindi cha masika ambacho maji yataachiwa kwa wingi, kwa makusudi na kwa taarifa, ili bonde lifurike kidogo bila kuua mtu. Hilo litarudisha majira. Tope halitalirudisha lote, na isemwe wazi kwamba halitalirudisha. Kiasi cha mashapo kinachopita chini ya bwawa kipimwe na kuchapishwa kila mwaka kwa Kiswahili, kama zinavyochapishwa megawati. Matuta yaliyoachwa yafunguliwe kabla ya mche mmoja zaidi kuchomekwa.

Na deltani kwenyewe sakafu ya mikoko ipimwe. Chombo chake ni mti mrefu uliopigiliwa chini kabisa mpaka pagumu, wenye alama zilizochongwa juu ya usawa wa tope, asomwe baada ya kila bamvua kubwa ya Machi na ya Septemba na mtu wa kijiji kile kile, mwaka hadi mwaka, na hesabu yake iandikwe mahali ambapo mjukuu wake anaweza kuisoma. Miti mia moja ya namna hiyo, kutoka Simba Uranga hadi mahori ya kusini, ni mzigo wa mashua moja.